Kutoka Efendi Hadi Afande: Askari na Raia Katika Dola za Kituruki



Kila alfajiri, kabla sauti ya baragumu haijapotea hewani, kuna neno moja ambalo hutamkwa katika makambi ya Afrika Mashariki mara nyingi kuliko jingine lolote. Kuruti hulitamka kwa hofu, koplo hulitamka kwa mazoea, na ofisa hulipokea bila ya kulifikiri. Neno lenyewe ni "afande". Wengi hudhani kuwa ni neno la pwani, na wengine hudhani kuwa ni la Waingereza. Asili yake ni neno la Kituruki "efendi", yaani bwana au mheshimiwa. Nao Waturuki hawakulibuni. Walilichukua kwa Wayunani waliowakuta Anatolia, ambayo leo ndiyo sehemu kubwa ya nchi ya Uturuki. Kutoka Istanbul neno hilo lilikwenda Kairo, likapanda mto Nile hadi Sudan, ndipo likashuka kwetu likiwa vinywani mwa askari wa kukodiwa.

Katika mazungumzo haya ya nchi jirani, desturi yetu ni kueleza habari za mataifa tunayopakana nayo. Uturuki haipakani nasi. Hata hivyo, tangu Septemba 1917 ilipokuwa dola kubwa inayokufa hadi Septemba 2017, miaka mia kamili, mambo yamegeuka: mwezi huo wa 2017 Uturuki ilifungua mjini Mogadishu kambi ambamo maofisa wake huwafundisha askari wa Somalia. Nayo Somalia, tangu mwaka 2024, ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jirani huyu mpya wa kijeshi yafaa tumjue, na kumjua hatuwezi bila ya kurudi nyuma sana, maana historia ya dola za Kituruki ni historia ya askari kwa kiasi kisichopatikana kwa mataifa mengi.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Niliposoma shule ya sekondari, Waturuki walitajwa mara moja tu, katika mwaka 1453, kisha mwalimu akaendelea na safari za Wareno. Lakini Waturuki wa Uturuki ni tawi moja la jamii kubwa inayounganishwa na lugha. Waazeri, Waturukimeni, Wauzbeki, Wakazaki, Wakirgizi, Wauyghuri walioko China, Watatari walioko Urusi, na hata Wayakuti wa barafu ya Siberia, wote husema lugha za ukoo mmoja. Ni kama Msukuma na Mzulu: hawaelewani wakikutana njiani, lakini wakianza kuhesabu kila mmoja hugutuka. Wala dini siyo inayowafanya Waturuki. Wengi ni Waislamu, lakini Wagagauzi wa Moldova ni Wakristo wa madhehebu ya Orthodox.

Habari zao za kwanza zilizo wazi zatoka katika vitabu vya China. Huko wanaelezwa kuwa wahunzi wa milimani, waliowafulia chuma mabwana zao wa nyika za Mongolia. Mwaka 552 mkuu wao aitwaye Bumin aliwaasi mabwana hao, akawashinda, akajitwalia cheo cha Kagani, mfalme wa wafalme. Waliokuwa wakifua silaha za wengine wakaamua kuzitumia wenyewe. Katika bonde la mto Orkhon nchini Mongolia zingali zimesimama nguzo za mawe zilizochongwa katika miaka ya 730 kwa ajili ya Bilge Kagani na nduguye Kul Tigin, na maandishi yake yalifumbuliwa mwaka 1893 na mtaalamu wa Denmark, Vilhelm Thomsen. Humo mtawala anawaonya watu wake wasilevywe na hariri za China, kisha anajisifu kwamba aliwakuta bila nguo akawavika.

Watu hao wa nyika walipanga majeshi kwa makumi, mamia na maelfu. Mkuu wa watu kumi huitwa kwa Kituruki "onbaşı", wa mia "yüzbaşı", wa elfu "binbaşı". Vyeo hivyo vitatu vingalimo katika jeshi la Uturuki hata leo, kama koplo, kapteni na meja. Naomba msikilizaji aliweke akilini neno hilo la kwanza, onbaşı. Tutakutana nalo tena Bagamoyo.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mtawala wa Waislamu huko Baghdad, Khalifa al-Mu'tasim, aliyetawala kuanzia mwaka 833 hadi 842, hakuwaamini tena watu wa nchi yake. Kila jemadari alikuwa na ukoo, na kila ukoo ulikuwa na madai yake. Basi akanunua vijana wa Kituruki kutoka nyika za Asia ya Kati, hodari wa farasi na upinde, watu wasiokuwa na mjomba wala shangazi mjini. Aliamini kwamba mtu asiye na ndugu atamtii mwenye kumlisha. Vijana hao wakawa wanapita mbio na farasi katika vichochoro vya Baghdad, wakiwakanyaga wazee na watoto, na wenye mji nao wakawa wakiwavizia na kuwaua. Mwaka 836 Khalifa akaona heri ahame yeye na askari wake. Akajenga mji mpya, Samarra, akawaweka Waturuki katika mitaa yao peke yao, akawanunulia hata wake, wasije wakachanganyika na raia.

Ndugu askari, tafakarini hapo kidogo. Jeshi lilitengwa na raia kwa makusudi, ili liwe mali ya mtu mmoja. Ilichukua miaka 25 tu. Mwezi Desemba mwaka 861 walinzi wa Kituruki walimwua Khalifa al-Mutawakkil, mwana wa al-Mu'tasim, akiwa katika jumba lake. Katika miaka tisa iliyofuata makhalifa wanne walikwea kitini na kushuka, na watatu kati yao waliuawa bila ya shaka yoyote. Kisa kikubwa kilikuwa mshahara. Waandishi wa zama hizo wanasimulia kwamba mwaka 869 askari walimwendea Khalifa al-Mu'tazz wakadai dinari elfu hamsini tu. Hazina ilikuwa tupu. Akamwomba mama yake, naye akasema hana kitu. Khalifa akaburutwa nje juani, akavuliwa cheo, akafa kwa mateso. Baadaye nyumba ya mama huyo ilipopekuliwa ilikutwa dhahabu zaidi ya dinari milioni moja.

Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi. Watumwa wa kijeshi na makabila ya wachungaji wa Kituruki walianza kujitwalia nchi kwa majina yao wenyewe. Sebüktigin, aliyekuwa mtumwa, alitawala Ghazna katika Afghanistan kuanzia mwaka 977, na mwanawe Mahmud akafanya mashambulizi mengi hadi ndani ya Bara Hindi. Ukoo wa Waseljuki, ambao hawakuwa watumwa bali wachungaji huru, ulilishinda jeshi la mwana wa Mahmud huko Dandanqan mwaka 1040. Jeshi la Ghazna lilikuwa kubwa na lenye tembo, lakini lilivuka jangwa bila ya maji ya kutosha, na askari wakawa wanagombania visima. Mwaka 1055 kiongozi wa Waseljuki, Tughril, aliingia Baghdad, na Khalifa akamtambua kuwa Sultani.

Tarehe 26 Agosti 1071 Sultani Alp Arslan alikutana na Kaisari wa Rumi ya Mashariki, Romanos wa Nne, huko Manzikert, upande wa mashariki wa Anatolia. Kaisari alikuwa na jeshi la kukodiwa la kila namna, na miongoni mwao walikuwamo wapanda farasi wa Kituruki, ambao baadhi yao walihamia upande wa pili walipowatambua jamaa zao. Kaisari akatekwa. Alp Arslan alimtendea kwa heshima, akamwachilia arudi kwake. Waliomng'oa macho mwaka uliofuata walikuwa Wakristo wenzake, waliokwisha kumweka kaisari mwingine. Tangu siku hiyo Anatolia ilianza kugeuka nchi ya Waturuki.

Huko Delhi, Bara Hindi, mwaka 1206 alitawala Qutb al-Din Aibak, Mturuki aliyenunuliwa utumwani. Alikufa mwaka 1210 alipoanguka na farasi katika mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo. Aliyekuja kumrithi, Iltutmish, naye alikuwa mtumwa, na binti wa Iltutmish, Raziya, alitawala tangu 1236 hadi 1240, akiongoza vita mwenyewe. Sina nafasi ya kumzungumzia inavyostahili.

Misri ndiko mtindo huu wa askari walionunuliwa ulikofikia kilele chake. Vijana wa Kituruki wa kabila la Kipchaki waliuzwa kutoka nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakapelekwa Kairo, wakawekwa katika makambi ya ngomeni. Kwanza walifundishwa dini na kusoma, kisha mkuki, upinde na farasi kwa miaka mingi. Alipohitimu, kijana aliachwa huru, akapewa farasi na silaha. Waliitwa Mamluki, yaani waliomilikiwa. Mwaka 1250 waliipindua dola ya mabwana zao, wakatawala wenyewe hadi mwaka 1517. Waarabu waliiita utawala huo "Dola ya Waturuki". Jambo la ajabu ni kwamba, kwa kanuni yao, mtoto wa Mamluki hakuweza kuwa Mamluki, kwa kuwa alizaliwa huru, katika starehe, naye alihesabiwa kuwa hafai. Kila kizazi kilipaswa kununuliwa upya kutoka nyikani.

Tusiwadharau watu hawa. Mwaka 1258 Wamongoli waliiteketeza Baghdad na kumwua Khalifa.  Tarehe 3 Septemba 1260, huko Ain Jalut katika Palestina, Mamluki waliwashinda, wakamwua jemadari wao Kitbuqa. Maofisa wanaosomea mbinu za vita watafaidika kuchunguza namna walivyowavuta Wamongoli kwa kurudi nyuma, kisha wakatoka mafichoni. Lakini sikilizeni kilichofuata. Sultani Qutuz, mshindi wa vita hivyo, hakufika Kairo. Njiani, mwezi Oktoba, aliuawa na maofisa wake wakiongozwa na Baybars, ambaye akaingia mjini kama Sultani. Wakazi wa Kairo walikuwa wamekwisha kupamba mji kwa ajili ya mtu mmoja, akaingia mwingine. Baybars alitawala vizuri kwa miaka 17, alipanga posta ya farasi na njiwa kati ya Kairo na Dameski, na aliwabana Wazungu wa Vita vya Msalaba. Hata hivyo kila Sultani baada yake alijua njia aliyoingilia.

Nawapita haraka wengine: Timur wa Samarkand, aliyemteka Sultani wa Waosmani mwaka 1402, Babur, wa uzao wake, aliyeanzisha dola ya Moghuli katika Bara Hindi mwaka 1526, na ambaye aliandika habari za maisha yake kwa Kituruki, na nasaba za Uajemi, ambako wafalme wa Kikajari, Waturuki kwa asili, walidumu hadi mwaka 1925.

Waosmani walianza wakiwa ukoo mdogo wa mpakani karibu mwaka 1300. Wao walikuwa na akili ya utawala kuliko wote waliotangulia, na dola yao iliishi zaidi ya miaka 600. Waliwagawa watu wao katika makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa "askeri": wanajeshi, makadhi na watumishi wa Sultani, ambao hawakulipa kodi. Kundi la pili liliitwa "reaya": wakulima, wafanyabiashara na mafundi, Waislamu kwa Wakristo, ambao walilipa. Sisi nasi tunayo maneno hayo mawili, askari na raia. Tumeyapata kwa Kiarabu, walikoyapata wao pia. Lakini asili ya neno raia ni kundi la wanyama wenye mchungaji, na katika dola ile maana hiyo haikusahauliwa: kundi hulindwa, na kundi hukamuliwa.

Askari wao mashuhuri walikuwa Janisari, maana yake jeshi jipya. Walichukuliwa wakiwa watoto kutoka katika nyumba za Kikristo za Ulaya ya kusini-mashariki, wakasilimishwa, wakalelewa kijeshi, wakakatazwa kuoa. Katika karne ya 15 hakuna askari wa miguu waliowapita Ulaya nzima. Ndio waliopenya kuta za Constantinople tarehe 29 Mei 1453 chini ya Sultani Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21. Ndio ambao kwa bunduki na mizinga waliivunja dola ya Mamluki mwaka 1516 na 1517, kwa sababu Mamluki, wana wa farasi, waliiona bunduki kuwa ni silaha ya watu wasio na heshima.

Kutekwa kwa Misri ndiko kulikowaleta Waturuki katika Bahari ya Shamu, na kutoka hapo hadi kwetu. Karibu mwaka 1585 baharia wao aitwaye Amiri Ali Bey alishuka pwani ya Afrika Mashariki. Miji mingi, iliyochoshwa na Wareno, ilimpokea kwa furaha, isipokuwa Malindi. Akaondoka na ahadi. Wareno wakaja mwaka 1587 kulipiza kisasi, wakaiteketeza Faza na kuishambulia Mombasa. Ali Bey akarudi na merikebu tano, akajenga boma Mombasa. Mwezi Machi 1589 alijikuta kati ya moto miwili: baharini merikebu za Wareno kutoka Goa, na bara jeshi la Wazimba lililokuwa likingojea kuvuka. Akatekwa, akapelekwa Lisbon. Wareno, kwa kuogopa asije mwingine, walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Anayepita leo chini ya kuta zile anapita chini ya hofu waliyokuwa nayo Wareno juu ya Waturuki.

Turudi kwa Janisari, kwa kuwa mwisho wao una mafunzo ya kazi yenu. Nembo yao haikuwa upanga bali sufuria. Kikosi kilikula pamoja, na ofisa wake aliitwa "çorbacı", mpika supu. Walipokuwa wametosheka, chakula cha Sultani kilipokewa kwa shukrani. Walipokasirika waliipindua sufuria chini, na mji mzima ukafunga milango. Polepole walianza kuoa, kisha kuwaandikisha watoto wao, kisha kufungua maduka. Vyeti vya mishahara yao vikauzwa na kununuliwa kama bidhaa, na orodha ya majeshi ikajaa watu wasiojua kushika bunduki. Mwaka 1622 Sultani Osman wa Pili, kijana wa miaka 17, alipowaza kuunda jeshi jingine, walimwua. Selim wa Tatu alipojaribu jambo hilo hilo aling'olewa mwaka 1807, naye akauawa mwaka uliofuata.

Mahmud wa Pili alingoja miaka 18. Alijenga kikosi cha mizinga chenye utii, akawavuta mashekhe na mafundi wa mjini upande wake. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Juni 1826 Janisari walipindua sufuria zao kwa mara ya mwisho. Safari hii wenye mji hawakufunga milango. Walitoka na kusimama na Sultani, kwa maana walikuwa wamechoka kunyang'anywa sokoni na watu waliolipwa kuwalinda. Mizinga ikapigwa juu ya makambi, makambi yakawaka moto, maelfu wakafa kwa siku moja. Jeshi la karne tano likaisha kabla ya magharibi. Sioni raha katika mauaji yale, na wengi waliokufa hawakuwa na kosa jingine ila jina la kikosi chao. Lakini ni kweli kwamba hakuna raia aliyewalilia.

Misri nayo ilikuwa mikononi mwa ofisa wa Kiosmani, Muhammad Ali, ambaye mwaka 1811 aliwaalika Mamluki waliosalia katika ngome ya Kairo akawaua njiani wakitoka. Kuanzia mwaka 1820 aliivamia Sudan, akitafuta dhahabu na watu wa kuwafanya askari. Jeshi lake liliamriwa kwa Kituruki. Kijana wa Sudan aliyekamatwa kijijini kwake alijikuta akipiga saluti kwa lugha ya Istanbul, na Wasudani wenyewe huuita utawala ule "Turkiya" hadi leo. Mahdi alipoichukua Khartoum mwaka 1885, askari hao walitawanyika.

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann alikwenda Kairo akawakodi wapatao 600, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri bin Salim, aliyekuwa amewaongoza watu wa Pangani na Bagamoyo dhidi ya Wajerumani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Wasudani wale walikuja na vyeo vyao: "ombasha", ambaye ni yule onbaşı, mkuu wa kumi wa nyikani, "shaushi", yaani sajini, kutoka "çavuş", na juu yao "efendi". Wajerumani hawakuvibadilisha. Kwa hiyo jeshi la mkoloni wa Kijerumani hapa Tanganyika, hadi mwisho wake katika Vita Kuu ya Kwanza, liliongozwa kwa vyeo vya Kituruki.

Wenzao walibaki upande wa Ikweta, na mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza aliwachukua kwenda Uganda. Mwaka 1897 waliasi. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, safari za miguu hazikuisha, na walikuwa wakitenganishwa na wake zao. Maasi yalizimwa kwa damu nyingi. Vizazi vyao ndio Wanubi mnaowafahamu Uganda na Kibera mjini Nairobi. Jeshi la KAR la Waingereza nalo lilichukua neno efendi, hata katika miaka ya 1950 likaanzisha cheo chenye jina hilo kwa Waafrika ambao hawakutaka kuwapa uofisa kamili.

Katika Uturuki yenyewe, dola ya Waosmani ilikufa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tarehe 29 Oktoba 1923 Jamhuri ilitangazwa na mwanajeshi, Mustafa Kemal, shujaa wa Gallipoli. Mwanajeshi huyu mwenyewe alivua magwanda, na mwaka 1924 majemadari waliokuwa wabunge walitakiwa wachague moja: kamandi au bunge. Hawezi mtu kushika vyote viwili. Nadhani hiyo ilikuwa hatua ya busara kuliko nyingi alizochukua, na wafuasi wake ndio walioivunja. Tarehe 27 Mei 1960 maofisa walitwaa serikali, na mwaka uliofuata Waziri Mkuu Adnan Menderes alinyongwa pamoja na mawaziri wawili. Mwaka 1971 jeshi liliiondoa serikali kwa barua tu. Tarehe 12 Septemba 1980 Jenerali Kenan Evren alitwaa nchi, watu malaki kadhaa wakakamatwa, na wengi wakateswa. Kila mara jeshi lilisema kwamba sheria ya utumishi wake imelipa wajibu wa kuilinda Jamhuri. Kifungu hicho kilibadilishwa mwaka 2013. Mwaka 2014 Evren alihukumiwa kifungo cha maisha akiwa mzee sana. Alikufa mwaka 2015.

Hata hivyo usiku wa tarehe 15 Julai 2016 sehemu ya jeshi ilijaribu tena. Vifaru vilifunga daraja la Bosphorus, na ndege zikapiga mabomu jengo la Bunge. Raia walitoka nje usiku, wakasimama mbele ya vifaru. Polisi wengi na sehemu kubwa ya jeshi walikataa kujiunga. Kulipopambazuka jaribio lilikuwa limeshindwa, na watu zaidi ya 240 waliolipinga walikuwa wamekufa. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwamo kuruti na wanafunzi wa kijeshi waliodai kwamba waliambiwa wanakwenda mazoezini. Wengine walifungwa maisha. Kisha serikali iliwafukuza kazi watumishi zaidi ya laki moja, wengi wao bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote, na hilo nalo limebaki jeraha.

Upande wa Asia ya Kati, nchi za Kituruki zilimezwa na Urusi katika karne ya 19. Tashkent ilitekwa mwaka 1865. Mwaka 1991, Urusi ya Kisovieti ilipovunjika, Azerbaijan, Kazakhstan, Kirgizistan, Turkmenistan na Uzbekistan zikawa huru. Mwaka 2020 Azerbaijan ilipigana na Waarmenia siku 44 kwa ajili ya Karabakh, ikitumia ndege zisizo na rubani zilizotengenezwa Uturuki, na mwezi Septemba 2023 ilimaliza kulitwaa eneo hilo, na Waarmenia zaidi ya laki moja wakakimbia. Kazakhstan, mwezi Januari 2022, bei ya gesi ya magari ilipopandishwa, watu waliandamana. Rais Tokayev alisema hadharani kuwa ametoa amri ya kupiga risasi bila ya onyo, na zaidi ya watu 230 walikufa, wakiwamo askari wa usalama. Nchi nne kati ya hizo tano, pamoja na Uturuki, ndizo wanachama wa Jumuiya ya Dola za Kituruki, iliyopewa jina hilo mjini Istanbul mwezi Novemba 2021. Turkmenistan ni mtazamaji.

Limebaki jambo moja la lile neno letu. Mwezi Novemba 1934 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria ya kufuta vyeo vya kibwana, na "efendi" likiwamo. Kuruti wa Kituruki amwitapo mkubwa wake leo husema "komutanım", yaani kamanda wangu. Efendi kama jina la heshima la ofisa limebaki katika makambi ya huku kwetu.